Hekalu Lisilo na Mlango

Mama alipopata kiharusi, neno moja tu lilibaki mdomoni mwake, nalo ni "sahani". Akitaka maji, sahani. Akitaka kupelekwa choo, sahani. Akitaka nizime redio kwa sababu mhubiri anapiga kelele, sahani, sahani, sahani, huku mkono wa kushoto ukipiga kiti. Siku za kwanza nilikuwa namletea sahani kweli. Nilimletea ya plastiki, nikamletea ile ya udongo ya wageni. Alikuwa anaiangalia sahani, kisha ananiangalia mimi, na machoni mwake niliona kabisa kwamba akili yake iko pale pale ilipokuwa, na kwamba ananiona mjinga.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Mama yangu si mtu wa kukosa maneno. Alikuja Ruiru akiwa msichana, kutoka magharibi, kufuata kazi ya kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa. Akaolewa na baba yangu, Mkikuyu wa huku huku. Yeye hakujua Kikuyu cha kutosha, baba hakujua lugha ya kwao Mama hata kidogo, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka watu walale. Kiswahili cha Mama hakikuwa cha vitabu lakini kilikuwa na makali. Mwenye bucha alikijua, na karani wa shamba alikijua vizuri sana. Hata baba, akikisikia kimeanza, alikuwa anatafuta koti lake anaenda kuangalia mbuzi ambao walikuwa wameshaangaliwa. Sasa mtu wa namna hiyo unamletea sahani.

Wakati huo Mama alikuwa anaishi Kimbo, kwenye nyumba ndogo ya mawe aliyojijengea baada ya baba kufariki, vyumba viwili mbele vya kwake na kimoja nyuma cha kupangisha. Mimi nilikuwa Thika, Makongeni, na kibanda changu cha mapazia sokoni. Nilikifunga, nikabeba mfuko wa nguo, nikahamia kwa Mama. Mume wangu na watoto walibaki Thika wakila mayai asubuhi, mchana na jioni, na kila nikipiga simu wananiambia hakuna shida, wako sawa kabisa.

Kaka yangu, ambaye ndiye kifungua mimba, anaishi Kahawa Sukari na familia yake. Alikuwa anakuja kila akipata nafasi, na sitamsingizia, alikuwa anakuja. Lakini Jumapili moja alikuja akaketi, akakunja mikono ya shati, nikajua kuna neno. Akasema amefikiria sana. Akasema kule kwao Mama, magharibi, kuna mama yetu mdogo ambaye hatoki nyumbani, kuna boma kubwa, kuna hewa safi, kuna watu wa kumwangalia saa zote. Akasema mimi nimefunga kazi na nitaanguka nami niwe mgonjwa wa pili. Kwa hiyo bora Mama apelekwe huko, akae huko.

Hayo yote aliyasema Mama akiwa hapo hapo, katikati yetu, na blanketi magotini. Alisema "Mama anahitaji hivi", "Mama atafurahi vile", kama mtu anayepanga kochi litakaa upande gani. Mama akasema sahani. Kaka akamwambia ndiyo Mama, tutaleta. Hapo nilipandwa na hasira nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na yeye pia akanijibu, na Mama akaanza kutoa machozi kwa jicho moja, kwa sababu lile lingine lilikuwa halijarudi sawa.

Tulipotulia tulikubaliana hivi: tungoje Desemba, wakati watu wanasafiri kwenda nyumbani. Ikifika Desemba, kama Mama atakuwa na maneno ya kusema mwenyewe anataka kukaa wapi, tutamsikiliza na hakuna atakayempinga. Kama hana, kaka atamweka kwenye gari pamoja na godoro lake, na mimi nitanyamaza. Niliona hayo ni haki. Lakini usiku huo nilihesabu miezi kwa vidole na nikaogopa sana, kwa sababu mtu wa sahani atajitetea vipi?

Kila wiki nilikuwa nampeleka Thika hospitalini. Kulikuwa na mazoezi ya mguu na mkono, kisha kulikuwa na dada mmoja kijana ambaye kazi yake ni kuwarudishia watu maneno. Nilimwambia kwa furaha kwamba Mama anaimba. Ni kweli, alikuwa anaimba. Ukianzisha wimbo wa kanisa alikuwa anaingia nao, ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka amina, maneno yote yametoka safi. Halafu wimbo ukiisha anataka maji, sahani. Yule dada akaniambia nisidanganyike na nyimbo. Akasema nyimbo na sala zimewekwa mahali pengine kichwani, zinatoka zenyewe kama mtu anavyopiga chafya. Tunachotafuta ni neno ambalo Mama amelichagua.

Akaniambia niache kumfundisha Mama kama mtoto wa nasari, hiki kikombe, hiki kijiko, kwa sababu Mama anajua kikombe ni nini na anachukia kuulizwa. "Mwambie kitu anachokijua kuliko wewe," akasema, "halafu unyamaze. Na akihangaika, mwache ahangaike. Wewe ndiye shida hapa, mama, unamkimbilia."

Ngai, niliudhika. Nilirudi Kimbo nikinuna njia nzima. Lakini kesho yake nilianza. Nilimuuliza mambo ya upishi, akaangalia dirishani. Nilimuuliza habari za kwao, za dada zake, akafumba macho. Nilimsomea Biblia, akanimalizia mistari kwa kichwa bila shida yoyote, na yule dada alikuwa ameshaniambia hiyo haihesabiki.

Kisha alasiri moja mvua ilinyesha, mimi nimeketi sakafuni napukuchua maharagwe, na nikakumbuka sayari.

Lazima nieleze. Tulipokuwa wadogo tuliishi kwenye laini za wafanyakazi, zile nyumba za safu, katikati ya shamba la kahawa. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunakaa chini tunapukuchua maharagwe ya wiki nzima, na watoto wakipukuchua wanataka hadithi. Hadithi za sungura na fisi zilikuwa za shosho, mama yake baba, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na alikuwa anazisimulia kwa Kikuyu, vizuri sana. Mama asingethubutu kushindana na mama mkwe. Hadithi za kwao zilikuwa kwa lugha yao, ambayo sisi hatukuijua. Kwa hiyo Mama alikuwa hana hadithi, na hilo lilikuwa linamkera.

Ndipo kaka yangu akaja kutoka shuleni na neno jipya, sayari. Mama akamuuliza ni kitu gani. Kaka akamweleza kwamba ni dunia nyingine, iko juu huko, inazunguka jua. Mama akauliza nani anakaa huko. Kaka akasema mwalimu amesema hakuna mtu.

"Basi," Mama akasema, "hiyo ni yangu."

Alikataa kuipa jina. Alisema ukiipa jina, kesho utasikia ina chifu. Ilikuwa na majua mawili, moja la upande huu na moja la upande ule, na faida yake ni kwamba nguo zilikauka pande zote bila kugeuzwa. Udongo wake ulikuwa mwekundu kama wetu lakini haukugandamana na viatu. Na katikati ya hiyo sayari kulikuwa na hekalu la kale, la mawe ya kuchongwa kwa mkono, makubwa kuliko yale yanayotolewa kwenye machimbo ya upande wa Kalimoni. Waliolijenga walikuwa na haraka ya kufika kwenye paa, wakasahau kuweka mlango. Kwa hiyo ukitaka kuingia unapanda mpaka juu, unatoa jiwe moja la paa, unashuka kwa kamba.

Ndani ya hekalu kulikuwa na mizimu. Hawa walikuwa watu waliokuja kuomba, zamani za kale, wakaamua kungojea jibu hapo hapo. Jibu likachelewa. Wakafa wakingojea, na wakaendelea kungojea. Hawakuwa na ubaya, lakini walikuwa na mambo yao. Mtu akidanganya ndani ya hekalu, walikuwa wanakohoa wote pamoja. Walikuwa wanaogopa kuku. Na mmoja wao alikuwa na ufagio. Kila alfajiri ulisikia ufagio unakwenda, shaa, shaa, na humwoni mtu, na vumbi limeisha. Huyo wa ufagio ndiye tuliyemwogopa kuliko wote. Kaka yangu kwa mwaka mzima alikataa kufagia uwanja peke yake.

Na Mama alikuwa na sheria. Jumapili iliyofuata, kabla hajaendelea, mmoja wetu alikuwa lazima asimulie ya wiki iliyopita. Ukikosea, hata kidogo, anakukata: "Hapana. Rudi nyuma." Na unarudi nyuma mpaka kwenye majua mawili. Hakukuwa na huruma. Nakumbuka nikilia kwa sababu ya kamba niliyosema ni ya katani, na Mama anasisitiza kwamba kule hakuna katani.

Sasa alasiri hiyo ya mvua nilianza tu kusimulia, nikipukuchua, bila mpango. Nikasema Mama, unakumbuka ile sayari yako, ya majua mawili. Akageuza kichwa. Nikaendelea, nikasema na lile hekalu, lenye mlango mkubwa wa mbao. Sikuwa namjaribu. Nilikuwa nimesahau kweli, miaka imepita.

Mama akapiga kiti. Sahani! Nikainua macho. Uso wake ulikuwa umewaka, sijauona hivyo tangu augue. Sahani, sahani! Nikafungua mdomo nianze kukisia, maji, choo, blanketi, halafu nikamkumbuka yule dada wa Thika na nikafunga mdomo. Nikashika bakuli la maharagwe kwa mikono miwili nisije nikainuka. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa kimya. Jasho lilimtoka Mama. Midomo ilienda huku na huku. Mkono wa kushoto ukapanda, ukaonyesha mabati.

"Juu," akasema.

Nilililia maharagwe yale mpaka yakalowa. Mama hakulia. Alikuwa anangoja niendelee na hadithi, nami nikarudi nyuma mpaka kwenye majua.

Tangu siku hiyo nikawa mwongo wa kutegemewa. Kila alasiri nilikuwa naketi na kuiharibu sayari ya Mama. Nasema jua ni moja, ananiambia mbili. Nasema mizimu wanaogopa paka, anaruka kwenye kiti, "kuku". Nasema yule wa alfajiri alikuwa na jembe, ananyamaza, anahangaika, naumia, nakaza meno, halafu, "fagio". Kila neno lilikuwa linakuja na hasira mbele, kama mbwa wa kufungua njia. Nilimpigia kaka simu nikamwambia Mama amesema kuku. Jioni hiyo akaja na kuku mzima wa kuchoma, amefurahi, na Mama akamla bila kueleza chochote.

Lakini kaka yangu si mjinga. Alikaa siku moja akatusikiliza. Alicheka mahali pa kamba. Hata mimi nilipokosea kitu, yeye ndiye aliyesema hapana, lile jiwe la paa lilikuwa upande wa kulia, na Mama akamwitikia kwa kichwa, na kaka akaona haya kidogo kwa sababu alikuwa ameshaniambia zamani kwamba hakumbuki lolote. Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza hadi kwenye gari. Akaniambia polepole kwamba amefurahi sana, lakini nisijidanganye. Mama ana maneno ya sayari, akasema, ya Kimbo hana. Akitaka maji bado ni sahani.

Alikuwa anasema kweli na mimi nilijua. Maneno ya Mama yalikuwa yamekaa kule juu na mizimu, hayashuki. Novemba ilikuwa imeingia. Niliporudi ndani nilimuuliza anataka chai au uji, na akaniambia sahani.

Jumamosi moja ya mwezi huo wakaja akina mama wa kanisa lake. Walikuja kama kawaida ya kutembelea mgonjwa, na unga, sukari, mafuta ya kupikia na mche wa sabuni, wamefunga vitambaa kichwani vya rangi moja. Kiongozi wao ni mwanamke wa mwili mkubwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, rafiki ya Mama wa miaka mingi, mtu wa roho safi na sauti ya kuita ng'ombe. Nikapanga viti, nikainjika chai. Kwa kawaida huwa wanaimba, wanasoma neno, wanaomba, wanakunywa chai na kusema habari za watu. Lakini siku hiyo kabla ya kuimba, kiongozi alisogea karibu yangu, akapunguza sauti, akaniuliza kama ndani ya nyumba hii kuna madhabahu.

Sikumwelewa. Nikamuuliza madhabahu gani. Akatazama mlango wa nyuma, na hapo nikamwona mpangaji wetu, binti mmoja mpole anayefanya kazi ya zamu kiwandani, amesimama anaangalia vidole vyake vya miguu. Ukuta wa chumba chake na wa kwetu ni mmoja na si mnene. Maskini, kila alasiri alikuwa amelala baada ya zamu, anasikia mimi naita mizimu, nasimulia hekalu la kale na kamba ya kushukia kutoka kwenye paa, na sauti ya Mama inapanda ghafla: juu! mbili! kuku! Alivumilia mpaka akashindwa, akaenda kwa kiongozi wa maombi.

Na huku kwetu, ugonjwa ukikataa kupona, kuna watu wanaotafuta madhabahu ya ukoo. Wanaamini kwamba kuna kitu babu zako walijenga mahali, wakakiacha, na kinakushika wewe uliye hapa, na lazima kibomolewe kwa maombi. Mama ametoka mbali, magharibi, na kwa watu wengine wa huku hilo peke yake ni ushahidi wa kutosha.

Nilikasirika sana. Nilitaka kuwaeleza na nilitaka kuwafukuza, na hayo mawili yakagongana, ikatoka "Nyinyi!" tu, basi. Kabla sijapata lingine walikuwa wamesimama wamemzunguka Mama, mikono juu, wote wanaomba kwa sauti kwa wakati mmoja. Kiongozi akawa anawapita wote. Akabomoa hekalu. Alilibomoa jiwe kwa jiwe, na kwa kuwa anauza vifaa vya ujenzi alijua aanzie wapi. Akang'oa paa. Akakata kamba. Kisha akageukia mizimu, akaanza kuwatoa mmoja mmoja, kwa jinsi binti alivyomweleza. Anayekohoa, toka. Anayeogopa kuku, toka.

Mama alikuwa amefumba macho anasema amina. Anapenda maombi, na pengine alidhani ni ya mguu.

"Na huyo mwenye ufagio," kiongozi akapaza, "atoke sasa hivi!"

Mama akafumbua macho. Akapiga kijimeza kilichokuwa mbele yake mpaka vikombe vikaruka.

"Hapana," akasema.

Maombi yakakatika. Mama alikuwa anapumua kwa nguvu. Nilimjua sasa, nikajua kuna neno njiani, nikainua mkono kuwazuia wasiseme kitu. "Huyo," akasema. Akangoja. "Huyo wangu. Mwache. Mwache afagie."

Hawa akina mama hawakuwa wamemsikia Mama akisema neno tangu augue, isipokuwa sahani na nyimbo. Mmoja alirudi nyuma akajibana na kabati. Binti wa nyuma alitoka mbio, akaacha kiatu kimoja mlangoni. Kiongozi ndiye hakukimbia. Alikita miguu, akanyoosha mkono, akauliza kwa ile sauti wanayotumia kuuliza mapepo: wewe ni nani?

Mama akamwangalia. Ni ule uso niliokuwa nauona nikileta sahani. "Mama yao," akasema, akanionyesha mimi kwa kidevu. "Hadithi. Ya watoto." Akapumua. Kisha akamwonyesha kiti. "Keti," akasema. "Chai."

Kila mtu alikuwa na hofu yake, lakini mimi lililonishika ni hilo la mwisho. Keti haikuwa ya sayari. Hakuna mtu anayeketi kule hekaluni, wote wanangoja wamesimama. Na chai huko haipo. Maneno yalikuwa yameshuka kwa kamba, yamefika Kimbo, sebuleni kwa Mama, na yamekuja kwa sababu wageni wamesimama na chai inawangoja. Nilikaa chini pale mlangoni pa jikoni nikasema asante Mungu wangu, na nilikuwa namaanisha.

Kiongozi aliketi. Nikaeleza yote, kahawa, maharagwe, shosho, sayari. Wakacheka mpaka wakafuta macho kwa vile vitambaa. Binti alirudi kuchukua kiatu, nikampa chai, akanywa bila kuniangalia. Kiongozi alicheka kuliko wote, lakini baadaye akamshika Mama mkono ule usio na nguvu. Akamuuliza, sasa hao mizimu wako, wanangoja nini humo ndani miaka yote?

Mama alilitafuta neno kwa muda mrefu na hakuna aliyemsaidia. "Jibu," akasema.

Kiongozi akasema basi kama ni hivyo, sisi tulikuwa tunawafukuza bure, hao ni wenzetu. Akainamisha kichwa, na wote wakainamisha, na akaomba kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kwamba wote wanaongojea jibu mahali popote walipo, walipate, na wasichoke. Nami nikasema amina kwa mizimu wa sayari isiyo na jina.

Desemba ikaja. Kaka alifika Jumapili asubuhi, ameosha gari. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba Mama sasa anaongea, anaomba maji kwa jina lake, amemgombeza muuza maziwa. Akasema sawa, tutaona. Akampigia mama mdogo huko magharibi, akaweka simu mezani ikiwa kwa sauti kubwa, ili asikie. Kisha akanigeukia mimi, akaanza kuniuliza Mama analala vipi, Mama anakula vipi.

Nikamwambia, muulize mwenyewe.

Kaka akageuza kiti mpaka magoti yake na ya Mama yakatazamana. Sikuwa nimemwona akimwangalia hivyo tangu aanze kuugua.

"Mama," akasema. "Unataka kukaa wapi?"

Mama akaanza kutafuta. Mama mdogo akauliza kwenye simu kama tumekatika. Mimi nilikuwa na jibu tayari kwenye ulimi, hapa, sema hapa Mama, miezi yote nimekuwa nikipigania hapa. Niliuma mdomo wa ndani nisimsemee.

"Naenda," Mama akasema.

Niliumia, sitaficha. Nilihisi kana kwamba nimesukumwa kutoka kwenye kiti. Hata kaka hakuonyesha furaha, alibaki ameinama tu, anangoja. Na kumbe Mama hakuwa amemaliza. "Naenda Krismasi," akasema. "Kumwona." Akaonyesha simu, na huko kwenye simu mama mdogo akaanza kulia. "Halafu narudi. Hapa kwangu."

Kaka akasema sawa Mama. Akasema tena, sawa. Akatoa kitambaa akapangusa uso wote. Alipopata sauti akauliza, kwa upole, na akamuuliza yeye Mama, si mimi, kwamba akikaa hapa nani atakuwa naye mchana. Mama akaonyesha ukuta wa nyuma. Alimaanisha binti mpangaji. Baadaye nilijua kwamba walikuwa wameshazungumza wao wawili, kwa maneno machache waliyokuwa nayo, mmoja kwa aibu na mwingine kwa ugonjwa, kwamba binti akitoka zamu ya usiku atakuwa anashinda upande wa mbele. Kaka akasema wikendi ni zake.

Sikuona nafasi yangu katika mpango huo. Nikasema, na mimi je? Mimi nitakaa hapa, si ndiyo nimekuwa nikikaa?

Mama akanigeukia. Alichukua muda, lakini safari hii sikuona jasho. Aliniangalia kutoka kwenye kitambaa cha kichwa mpaka kwenye kandambili zake nilizokuwa nimevaa tangu mvua za Aprili.

"Nenda ufungue kibanda," akasema. "Umenichosha."

Mama mdogo alicheka kule kwenye simu mpaka akakohoa. Kaka yangu akaweka kichwa mezani, mabega yanaruka. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, nikamwambia Mama hata asante hakuna, na yeye akaniambia hapana, hakuna. Halafu akashika mkono wangu kwa ule mkono wake mbovu, akaukaza mpaka nikasikia.

Jioni hiyo nilikunja nguo zangu, nikazitia kwenye mfuko, nikavua kandambili za Mama nikaziweka karibu na kitanda chake anapozifikia. Jumatatu asubuhi nilikuwa Thika, natundika mapazia.